Betri Inayosingiziwa

Njia ya gari dogo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kindu ni ya kuunga vipande. Reli ya Kati hadi Kigoma, meli kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo, kupitia Kabalo na Kongolo, mpaka behewa lisimame Kindu, ukingo wa kushoto wa Lualaba, upande ule ule ilipo komuni ya Kasuku. Kila kipande kina kungoja kwake: kungoja meli, kungoja behewa, kungoja karatasi. Kwa lori la mazutu kungoja huko ni hasara ya pesa tu. Kwa Toyota Prius au Toyota Aqua iliyokwisha kutumika miaka kumi na zaidi, kungoja ni ugonjwa unaoanza taratibu kabla mwenye gari hajakabidhiwa ufunguo.

Haibridi, yaani gari la petroli na umeme pamoja, bado ni mgeni Kasuku. Barabara za pale ni za pikipiki na baiskeli, na fundi wa pale amelelewa na injini za pikipiki, Land Cruiser na malori. Lakini mgeni huyu yuko njiani. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu kuundwa. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa yaliyotimiza miaka 15. Gari linalozeeka hutafuta mlango ulio wazi zaidi, na magari ya namna hii yana desturi ya kusogea bara kadiri umri unavyosogea.

Likishafika, dalili mbili hulipeleka karakanani mapema. Asubuhi injini inawaka kwa mtikisiko, kama mtu aliyeamka na homa ya baridi, halafu baada ya sekunde kumi au ishirini inatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku nyingine dashibodi inawasha taa zote za onyo kwa pamoja. Hukumu hutoka papo hapo. “Papa, batri kubwa imekufa,” mteja anaambiwa, na tangu hapo mazungumzo ni ya bei.

Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Betri kubwa ya haibridi inasingiziwa kwa sababu ndicho kitu pekee ndani ya gari ambacho karakana haikijui, na asiyejulikana ndiye hutuhumiwa kwanza kitu kikipotea kijijini. Betri hiyo huzeeka kweli, na huko mbele tutaona inavyozeeka. Lakini mtikisiko wa asubuhi na uzee wa betri ni magonjwa mawili tofauti, na katikati yake kuna wa tatu, mdogo, wa bei nafuu, unaoweza kuuigiza uzee huo.

Chanzo cha mkanganyiko kimo masikioni. Fundi wa gari la kawaida hulitambua kwa kulisikiliza. Stata ikizunguka kwa uvivu, anajua betri ni dhaifu. Ikizunguka kwa kasi isiyo sawa, anajua silinda moja haina mgandamizo. Prius haina stata ya namna hiyo. Injini yake huzungushwa na mota kubwa ya umeme iliyo ndani ya giaboksi, ambayo pia ndiyo jenereta, nayo huifikisha kwenye mizunguko kama 1,000 kwa dakika kwa kufumba na kufumbua, ndipo petroli na cheche zinapoletwa. Mota hiyo ina nguvu kiasi kwamba hata injini iliyochoka huzungushwa kwa kasi ile ile kama mpya. Ile sauti ya kusuasua ambayo fundi amezoea kuisoma haipo. Kinachobaki ni mtikisiko wenyewe, bila maelezo.

Kwa hiyo karakana ya haibridi huanza na vipimo, na kipimo cha kwanza kinapatikana hata kwa muuza redio: mita ya volti.

Prius ina betri mbili. Ile kubwa ndiyo inayosukuma gari. Ile ndogo, ya volti 12, imefichwa nyuma kwenye buti, au chini ya kiti cha nyuma kwa Aqua, na kazi yake ni nyepesi mno: kuamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa kupita. Haizungushi injini hata mara moja. Ndiyo maana inaweza kudhoofika kwa miezi bila mtu kugundua. Ikishachoka, kompyuta zinaamka nusu nusu, kila moja inalalamika kwamba haimsikii mwenzake, na dashibodi inajaa taa. Gari linakataa kuonyesha neno READY. Mtu asiyejua ataapa kwamba mfumo wote umeungua.

Gari likilala usiku kucha, betri ndogo nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu. Chini ya 11.8 haifai kuaminiwa tena. Gari likisimama na READY imewaka, mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, kwa sababu kifaa cha kushusha volti huchukua umeme wa betri kubwa na kuichaji ndogo. Haibridi hii haina altaneta. Isipopanda, tatizo liko kwenye kifaa hicho au fyuzi yake, na mara nyingi fyuzi hiyo imekatwa na mtu aliyeunganisha waya za kusaidiana kinyume, chanya kwa hasi. Kosa hilo ni la sekunde moja. Kupata fyuzi yake Kindu ni jambo jingine.

Hapa watu wa Kindu wana faida ambayo wengi hawaioni. Mji ambao umeme wa mtandao hauaminiki umejifunza betri kwa njia ya paneli za jua. Wengi wanajua betri ya risasi haipendi kulala bila chaji, joto linaipunguzia umri, na volti pekee hazisemi kila kitu mpaka uibebeshe mzigo. Elimu hiyo yote inahamia kwenye betri ndogo ya Prius bila kubadilika. Paneli ndogo yenye kidhibiti chaji, ikiunganishwa na gari linalosubiri spea, inatosha kuizuia isife. Tahadhari ni mbili. Betri hiyo ni ya aina iliyofungwa, yenye mrija mwembamba wa kutolea gesi nje ya gari, kwa sababu inakaa chumba kimoja na abiria. Kuweka mahali pake betri ya kawaida ya maji, isiyo na mrija, ni kufuga gesi ya hidrojeni nyuma ya viti vya watoto. Na isichajiwe kwa nguvu kama betri ya lori. Amperi chache, kwa saa nyingi.

Betri ndogo ikishathibitika kuwa nzima, mtikisiko wa asubuhi unabaki na kesi yake yenyewe. Na hapa ndipo Prius ya kizazi cha tatu, ile yenye injini ya lita 1.8 iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, ina historia ambayo kila anayeinunua kuukuu anapaswa kuijua.

Injini hiyo ina mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya silinda, ili mwako uwe wa joto la chini na petroli itumike kidogo. Kabla ya kurudi, moshi hupitishwa kwenye kipozeo chenye vijia vyembamba vinavyozungukwa na maji ya rejeta, kisha hugawanywa kwa silinda nne kupitia matundu madogo kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Wazo ni zuri, lakini moshi una masizi, na pete za pistoni zikianza kupitisha oili kidogo masizi hugeuka kuwa utando mzito kama lami. Kipozeo huziba. Matundu nayo huziba, tena si yote kwa kiwango kimoja: silinda moja inapata moshi, jirani yake haipati. Ile isiyopata inawaka kwa joto kali zaidi. Mwaka baada ya mwaka, gasketi ya hedi inachoka mahali hapo hapo.

Gasketi ikianza kuvuja kwa ufa wa unywele, gari halitoi ishara barabarani. Usiku, injini ikiwa imezimwa na maji ya rejeta bado yana shinikizo, matone machache hupenya ndani ya silinda. Asubuhi mota inaizungusha injini kwa nguvu, silinda tatu zinawaka, ya nne ina maji. Gari zima linatikisika kwa kishindo mpaka maji yageuke mvuke na kutoka kwenye ekzosi. Kisha kimya. Siku nzima gari linakwenda vizuri, na mwenye gari anaanza kudhani aliota.

Kuna namna ya kuukamata ugonjwa huu bila kufungua injini. Kwanza ni chupa ya akiba ya maji ya rejeta: itiwe alama kwa kalamu, isomwe kila alfajiri kwa wiki mbili. Maji yakipungua na hakuna doa chini ya gari, yamekwenda ndani. Pili ni kamera ya waya, ile inayounganishwa na simu, inayouzwa bei ya chakula cha siku chache. Plagi, au buji kama wanavyosema mafundi wa Kongo, zinafunguliwa asubuhi kabla gari halijawashwa, na kamera inashushwa kwenye kila silinda. Pistoni tatu zitakuwa nyeusi kwa masizi. Ya nne, ikiwa inaingiliwa na maji, itang'aa kama sufuria iliyosuguliwa, kwa sababu mvuke unaisafisha kila siku. Tatu ni pampu ya mkono inayotia shinikizo kwenye mfumo wa maji jioni na kuachwa hadi asubuhi. Mshale ukishuka, mjadala umekwisha.

Kompyuta nayo ina lake la kusema. Kodi P0300 maana yake injini inakosa mwako ovyo. P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenyewe. Ila kodi hizi huja zikiwa zimechelewa, na ikiwa mtu alizifuta jana ili auze gari leo, hazipo. Kupima mgandamizo wa silinda kwa njia ya zamani nako kunagoma, maana huwezi kuzungusha injini hii kwa ufunguo. Inabidi programu ya uchunguzi iiamuru mota iizungushe bila kuiwasha. Asiye na programu hiyo afadhali aamini kamera.

Si kila mtikisiko ni gasketi, bila shaka. Chanzo kilicho rahisi zaidi kukubali ni petroli. Kongo ya mashariki petroli nyingi huuzwa kando ya barabara kwa chupa na madumu, na wauzaji wake wamepewa jina la Kadhafi, kwa heshima ya kiongozi wa zamani wa Libya na visima vyake. Kwa Kadhafi chupa inaweza kuwa na maji chini yake, au mafuta ya taa ndani yake. Pikipiki inayomaliza tangi kwa siku mbili huyapitisha haraka. Haibridi, kwa ubahili wake, hukaa na tangi moja kwa wiki nyingi, na petroli iliyokaa kwenye joto hupoteza ile sehemu yake nyepesi inayowasha injini baridi. Ubahili unaosifiwa kwenye matangazo unageuka kuwa tabu ya asubuhi. Zipo pia plagi za iridiamu ambazo zilipangiwa kilomita kama 190,000 na hazijabadilishwa tangu Japani, koili iliyopasuka, mlango wa hewa uliojaa utando, au raba za kushikilia injini zilizolegea. Hizi zote ni kazi za nusu siku, na ziondolewe kwanza kabla hedi haijaguswa.

Haibridi isiachwe ikaishiwa petroli kabisa. Mota itaendelea kuizungusha injini isiyo na kitu cha kuchoma, na kila jaribio linakamua betri kubwa. Ikishuka chini ya kiwango, hakuna tena kitu cha kuizungusha injini, hata ukileta pipa zima la petroli. Gari la kawaida lingesukumwa na vijana. Hili halisukumiki likawaka.

Sasa betri kubwa. Ndani ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu kuna moduli 28, kila moja ya volti 7.2, zimepangwa kwa mfuatano mpaka zinafika volti 201.6. Aqua, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, ina moduli 20 na volti 144. Ni betri za nikeli na haidridi ya metali, si zile za lithiamu za simu, na uwezo wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: ile ya Prius hubeba kama kilowati-saa 1.3 tu, pungufu ya mfumo wa kawaida wa sola wa nyumba yenye friji. Haikuumbwa kubeba akiba. Imeumbwa kupokea na kutoa, kupokea na kutoa, gari likifunga breki na likiondoka. Kompyuta huilinda kwa kuiweka katikati, takriban kati ya asilimia 40 na 80. Haiachiwi kujaa wala kuisha. Siri ya umri wake mrefu iko hapo.

Umri huo si hadithi. Mwaka 2011 jarida la Marekani Consumer Reports lilichukua Prius ya mwaka 2002 iliyokwisha kwenda zaidi ya maili 200,000, yaani kilomita zaidi ya 320,000, ikiwa na betri yake ile ile, likailinganisha na vipimo ambavyo lilikuwa limevichukua kwa Prius ya 2001 ilipokuwa karibu mpya. Matumizi ya petroli yalikuwa karibu sawa kabisa. Huko Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, Prius kuukuu kutoka Japani zimejaa barabarani kuliko gari jingine lolote, na zinaamshwa asubuhi za baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Ila soma vizuri mfano wa Marekani. Kilomita 320,000 kwa miaka tisa ni karibu kilomita 100 kila siku. Gari hilo halikulala. Betri ya namna hii inavuja chaji yake yenyewe ikiwa imekaa, na kila moduli inavuja kwa kasi yake. Miezi sita kwenye yadi, kwenye meli na kwenye behewa hufanya moduli zilizokuwa sawa ziachane. Wenye gari hushauriwa kuliendesha walau nusu saa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa gari lililoko njiani kuja Maniema, jimbo la Kindu, hakuna wa kuliendesha.

Kwa nini kuachana huko ni kubaya? Fikiria watu ishirini na wanane waliobeba gogo moja begani. Mmoja akipinda magoti, gogo haliangukii kwake tu. Mwendo wa wote unaharibika. Katika mfuatano, mkondo wa umeme ni mmoja kwa moduli zote. Ile dhaifu inaishiwa kwanza wakati wengine bado wana nguvu, na mkondo ukiendelea kupita ndani yake inageuzwa, chanya kuwa hasi, inachemka na kuvimba. Kisha wakati wa kuchaji inajaa kwanza, nayo inachemshwa tena. Siku moja kompyuta inaandika P0A80, kodi inayosema betri kubwa ibadilishwe.

Hata kodi hiyo haipaswi kuaminiwa bila namba. Kompyuta ya Prius inazipima moduli mbili mbili, jumla mafungu 14, na namba hizo zinasomeka kwa kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, pamoja na programu ya simu kama Dr. Prius au Hybrid Assistant. Gari likiwa limesimama, mafungu yote huwa yanakaribiana, na hilo halithibitishi lolote. Hata mgonjwa hupumua vizuri akiwa amelala. Kipimo ni mlima. Mtu wa pili aendeshe, akanyage mafuta kwa nguvu, wa kwanza atazame namba. Mafungu mazima yanashuka pamoja na kupanda pamoja. Dhaifu linatumbukia peke yake, volti moja au zaidi chini ya wenzake, na gari likifunga breki linaruka juu yao wote. Fungu hilo hilo, mara tatu mfululizo: hapo betri imekiri yenyewe.

Asiye na kifaa anaweza kusoma mwenendo. Kipimo cha betri kwenye dashibodi kinapanda kutoka chini hadi kijani ndani ya dakika chache, kisha kinaporomoka kwenye kilima kifupi. Feni iliyo kando ya kiti cha nyuma inavuma kama pepo hata asubuhi ya mvua. Injini inaunguruma gari likiwa limesimama. Petroli inaisha haraka kuliko zamani. Lakini angalia: hakuna hata moja kati ya hizi inayofanana na mtikisiko wa sekunde kumi za kwanza alfajiri. Ndiyo hoja yenyewe.

Feni hiyo inastahili aya yake. Betri kubwa hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia kijidirisha kidogo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Mzigo ukiwekwa juu yake, gunia la mchele au nguo za safari, betri inakosa hewa. Barabara ya udongo mwekundu ikiingiza vumbi kwa madirisha yaliyo wazi, mabawa ya feni yanavaa koti la udongo na kasi ya hewa inapungua bila sauti kubadilika sana. Kuifungua, kuipiga brashi na kuirudisha ni kazi ya saa moja, haigharimu spea hata moja, na inaweza kuongeza umri wa betri kuliko dawa yoyote inayouzwa. Betri ya namna hii inapenda hali ya hewa ile ile anayoipenda abiria. Wanaozima kiyoyozi ili kubana petroli mchana wa Kindu wanabana mahali pasipostahili.

Unyevu nao una kazi yake. Moduli zimeunganishwa kwa vipande vya shaba, na hewa ya bonde la Lualaba huvifanya viote kutu ya kijani na buluu. Kutu inapoongeza ukinzani kwenye kiungo kimoja, kompyuta inaona volti zisizolingana na kumhukumu jirani asiye na kosa. Kuna betri zilizotangazwa kufa ambazo zilihitaji msasa, siki na bolti kukazwa kwa kipimo. Siki, ndiyo: majimaji ya betri hii ni alkali ya potasiamu, si asidi. Fundi aliyezoea betri za risasi hukimbilia magadi kuua asidi. Hapa magadi hayasaidii kitu, na kinachofaa ni siki au maji ya limau, na maji mengi peke yake ikiwa ngozi imeguswa.

Moduli moja ikithibitika kufa, karakana nyingi za Afrika Mashariki huitoa na kuweka nyingine kutoka gari lililogongwa. Kazi hiyo inawezekana, na isidharauliwe, ila ifanywe kwa akili. Kila moduli ipimwe kwa mzigo: balbu ya taa kubwa ya wati 55, dakika mbili, volti mwanzo na mwisho ziandikwe kwa chaki ubavuni mwake. Zinazoshuka sana zitengwe. Inayoingia ifanane na zinazobaki, si iwe bora kuliko zote, maana mpya katikati ya wazee hujaa na kuisha kwa saa tofauti na zao. Zikichajiwa nje ya sanduku zibanwe kwa mbao na bolti, la sivyo zitavimba. Baada ya hapo mteja aambiwe ukweli: betri iliyotibiwa moduli moja ni mtumbwi mkuukuu, unaziba hapa, maji yanatafuta pengine. Miezi, labda mwaka na zaidi. Seti iliyosawazishwa yote hudumu zaidi, na mpya zaidi ya hiyo, lakini mpya haina bei ya kutamkika mbele ya mtu anayetumia gari kwa kazi ndogondogo za mjini. Kwa mtu huyo, moduli za mtumba zilizochaguliwa kwa chaki na balbu ni uamuzi wa busara tu.

Kuna kejeli kidogo hapa. Maniema ni nchi ya bati. Kalima, mashariki ya Kindu, ilijulikana kwa kasiteriti tangu enzi ya Wabelgiji, na bati ndiyo inayochomelea vipande kwenye kila bodi ya kompyuta ndani ya gari hili. Kobalti, ambayo Kongo huchimba sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote duniani, imo kwa kiasi kidogo ndani ya betri zenyewe. Madini yaliondoka, yakazunguka dunia, yakarudi yakiwa na taa ya onyo.

Limebaki jambo la usalama, na hapa hakuna mjadala wala ubishi wa karakana. Nyaya za rangi ya chungwa hubeba volti zinazoua. Betri yenyewe ni volti 200, lakini kigeuzi cha mbele huzipandisha hadi 500 kwenye Prius ya kizazi cha pili na 650 kwenye ya tatu. Kabla ya kugusa kifuniko cha betri, gari lizimwe, ufunguo wa kielektroniki upelekwe mbali, betri ndogo itolewe waya wa hasi, kisha plagi kubwa ya chungwa ya usalama ivutwe kwa glavu za raba zilizothibitishwa kwa volti 1,000, si zile za jikoni. Halafu dakika kumi za kukaa tu, mpaka kapasita za kigeuzi zimwage umeme wake. Hata baada ya hapo mita ipite kwanza, kwa sababu kuvuta plagi hukata mnyororo katikati tu. Moduli zenyewe bado zina umeme. Pete na saa zivuliwe. Na ile plagi ya chungwa isiachwe juu ya kiti au kwenye meza ya spana, ambapo mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuiona na kuirudisha akidhani anasaidia. Inakaa mfukoni mwa fundi aliyeitoa, mpaka atakapomaliza.